Vitabu vya Sikukuu za Dunia: Mtoto wa Mwanza Aanzie Wapi?

Vipo vitabu vya picha vinavyomzungusha mtoto duniani kwa sikukuu na vyakula vyake. Ukurasa mmoja Diwali ya Wahindu na laddu, vitamutamu vyake, wa pili Mwaka Mpya wa Kichina, wa tatu Meksiko na mikate ya Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, kisha Marekani na batamzinga wa Alhamisi ya nne ya mwezi huohuo. Vikifika Mwanza, aghalabu viko kwa Kiingereza. Wapo walimu na wazazi wanaotaka kila shule iwe navyo. Wengine wanasema mtoto ajue kwanza Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, na michembe ya viazi vitamu, ya Wachina atayakuta mbele ya safari.

Hoja ya hawa wa pili ina uzito. Mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, alieleza mwaka 2009 kwamba utotoni alitunga hadithi za watoto wenye macho ya bluu, wanaocheza kwenye theluji na kula matufaha, ilhali kwao walikula maembe. Alikuwa amesoma vitabu vya Uingereza na Marekani, akadhani ndivyo vitabu vilivyo. Mtoto wa Igoma naye anaweza kuamini kuwa chakula kinachostahili kuandikwa ni cha kwa wenzake.

Na cha kuandika tunacho tele. Kila Juni, pale Bujora, Kisesa, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma katika Bulabo, sherehe iliyoshikamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu tangu enzi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna viazi vinavyokatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, na vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa. Bibi wa Magu hahitaji kitabu kujua tofauti hiyo. Mjukuu wake aliyezaliwa mjini anakihitaji.

Lakini "chetu" kinachotetewa hapa kina mipaka gani? Mwanza ina Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya na Wakurya, na zimo familia zenye asili ya India zilizoishi mjini vizazi na vizazi. Kwa mtoto wa Kihindu wa katikati ya mji, ukurasa wa Diwali ni wa nyumbani kwao. Jirani yake anasubiri pilau ya Idi, mwingine wali na kuku wa Krismasi. Kitabu cha kwetu kitakachomchora Msukuma mwenye nyoka wa ngoma shingoni, basi, kana kwamba Mwanza ni huyo tu, kitakuwa kimefanya kosa lilelile la kitabu cha mgeni. Hata sahani yenyewe ina historia ndefu: viazi vitamu, mihogo na mahindi asili yake ni bara la Amerika, na sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950.

Hapo kwenye sangara ndipo ninapoviona vitabu hivi vya dunia vikipungukiwa zaidi. Samaki huyo akipasuliwa, minofu yake inakwenda viwandani na kusafirishwa Ulaya. Bondo lake, yaani kifuko cha hewa cha tumboni, hukaushwa, likauzwa kwa bei inayoipita mbali ya minofu, na safari yake huishia Hong Kong na China, ambako mabondo ya samaki hupikwa supu ya karamu, ikiwemo ya Mwaka Mpya. Maana yake mtoto ambaye baba yake anavua sangara tayari ana mkono wake katika sikukuu ile anayoonyeshwa kama jambo la mbali kabisa. Ukurasa unamwonyesha taa nyekundu na bakuli. Mvuvi hayumo, mchuuzi hayumo, wala ziwa halimo. Chakula kimetengwa na jasho la waliokitafuta, kikabaki pambo.

Kwa hiyo siungi mkono kuvifungia nje vitabu vya dunia. Natamani vinavyofuata chakula safari yake: dagaa kutoka kwenye taa za usiku wa giza ziwani hadi soko la Mwaloni Kirumba, kisha hadi meza ya Kongo, bondo hadi Hong Kong. Mtoto aanzie kwenye sahani yake, atoke nayo.

Kikwazo kikubwa ni pesa. Kitabu cha rangi ni ghali kuchapa, na mchapishaji anaogopa kubaki na maboksi stoo. Njia ya kuanzia ipo: mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unatoa hadithi za picha bure mtandaoni, zikiwemo za Kiswahili, na unaruhusu mtu kutafsiri, kutunga na kuchapa zake. Mwalimu wa Ilemela mwenye simu na wanafunzi wanaojua kuchora anaweza kuandika safari ya dagaa muhula huu. Na wafadhili wanaotuletea makatoni ya vitabu vya Kiingereza, sehemu ya fedha hiyo wawalipe mtunzi na mchoraji wa hapahapa Mwanza.