Kulipa ili kuingia mjini: mjadala wa Civita di Bagnoregio

Kutoka Roma hadi Orvieto ni safari ya treni ya zaidi kidogo ya saa moja. Ukishuka hapo unapanda basi, nalo linapinda na vilima hadi Bagnoregio, mji wa watu wapatao 3,500 katika mkoa wa Viterbo. Ukiuvuka mji huo kwa miguu mpaka mwisho, barabara inakatika kwenye ukingo. Ng'ambo ya bonde utaona kilima kimesimama peke yake kama kisiwa, juu yake nyumba za mawe zimebanana kuuzunguka mnara mmoja wa kanisa. Hiyo ndiyo Civita. Gari haliingii. Kuna daraja moja jembamba la zege, la waenda kwa miguu tu, na kabla hujalikanyaga kuna dirisha la tiketi. Kiingilio ni euro 5.

Nilipofika mara ya kwanza nilisita mbele ya dirisha lile. Kulipia makumbusho nimezoea, na lango la hifadhi ya wanyama nimelilipia tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini mji? Mahali ambapo watu wanaanika nguo na kuwaita watoto waje kula, unalipiaje kupita mtaani? Swali hilo Waitalia wamekuwa wakiulizana tangu mwaka 2013, Civita ilipoanza kutoza euro 1.50 na kutajwa kuwa mji wa kwanza nchini humo kuweka kiingilio. Limezidi kuwa zito baada ya Venezia kufuata njia hiyo hiyo mwaka 2024. Nina msimamo wangu, lakini kwanza tuangalie udongo, kwa sababu ndio ulioanzisha yote haya.

Chini kabisa ya Civita kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama sakafuni mwa bahari, zama ambazo sehemu hii ya Italia ilikuwa imefunikwa na maji. Juu ya mfinyanzi yamelala majivu na mawe ya volkano za Vulsini, zile zile zilizoacha bonde ambalo leo ni Ziwa Bolsena, upande wa magharibi. Majivu hayo yalishikamana yakawa mwamba ambao wenyeji wanauita tufo. Ni mwepesi, una rangi ya asali, na unakatika kirahisi. Ndiyo maana Waetruski, watu wa kale wa Italia kabla ya enzi ya Warumi, walipachagua hapa, takriban miaka 2,500 iliyopita, wakachimba makaburi, maghala na njia ndani ya kilima chenyewe. Balaa ni kwamba mwamba umekalia kitu laini. Vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, vinaula mguu wa kilima, kila kimoja upande wake. Mvua ikinyesha mfinyanzi unalowa na kuteleza, mwamba wa juu unabaki ukining'inia, unapata ufa wa wima, kisha pande zima linaporomoka bondeni pamoja na chochote kilichojengwa juu yake.

Na vilivyokuwa juu yake ni vingi. Mtakatifu Bonaventura, aliyeanza kuliongoza shirika la watawa wa Wafransisko mwaka 1257, alizaliwa hapa. Nyumba ya kwao imekwenda na maporomoko, na ukiutafuta uwanja wake utakuta ukingo na hewa. Tetemeko la tarehe 11 Juni 1695 lilivunja sehemu kubwa ya mji na kuwasukuma watu ng'ambo, Bagnoregio. Mwaka 1699 hata hadhi ya kanisa kuu ikaondolewa kwa San Donato, kanisa la uwanja mkuu wa Civita, ikahamishiwa huko huko. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua daraja la zamani. Hili la sasa ni la mwaka 1965. Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio, ndiye anayehesabiwa kuupa mji jina lililoganda mpaka leo: mji unaokufa.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea tiketi. Wanauliza, nani angelipa? Kilima hiki hakiwezi kuachwa hivi hivi. Vyuma virefu vinapigiliwa mwambani, kingo zinaimarishwa, vipimo vya nyufa vinafuatiliwa. Hiyo ni kazi isiyoisha, kwa sababu mvua haipumziki. Manispaa ya Bagnoregio, ambayo Civita iko chini yake, ina watu 3,500 tu na haina kodi za kubeba mzigo huo. Kwa takwimu za manispaa, mwaka 2010 walikuja wageni kama 40,000, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wamepita 800,000. Bei nayo ilipanda hatua kwa hatua, na watu hawakupungua. Kijana wa Bagnoregio ambaye zamani angetafuta kazi Roma, leo anaweza kubaki kwao akaendesha mgahawa, basi dogo au nyumba ya wageni. Meya wa wakati ule, Francesco Bigiotti, alieleza hadharani kwamba fedha za tiketi ziliiwezesha manispaa kuwaondolea wakazi kodi za halmashauri. Ni jambo la kuheshimiwa. Katika vilima vya Italia kuna vijiji vingi vilivyobaki na wazee watatu na paka, na wakazi wake wangeipokea tiketi kama hii kwa mikono miwili.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, ingawa si zote. Ya kwanza ni ya kisheria. Kifungu cha 16 cha Katiba ya Italia kinampa raia haki ya kwenda popote nchini, isipokuwa pale sheria inapoweka mipaka ya jumla kwa sababu za afya au usalama. Mji ni wa wote, na ukiweka dirisha la malipo mlangoni umeugeuza kuwa ukumbi wa maonyesho. Ya pili inasema kwamba utalii ndio uliowaondoa wenyeji. Hii siikubali, kwa sababu tarehe zinaikataa. Watu walianza kuondoka tetemeko lilipopiga mwaka 1695, na waliendelea kuondoka kila ukingo ulipomeguka. Watalii wa leo walikuta mji umeshabaki mtupu. Lakini ukiigeuza hoja hiyo inauma: hao wageni laki nane wamemrudisha nani? Wanaolala Civita mwaka mzima wanahesabiwa kama kumi tu. Nyumba zilizotengenezwa vizuri zimekuwa za kupangisha wageni au za watu wa mbali wanaokuja likizo. Shule hakuna. Paka ni wengi kuliko watu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Kiingilio kinakusanya, hakipunguzi. Venezia ilitoza euro 5 kwa siku 29 mwaka 2024, ikakusanya zaidi ya euro milioni 2, na mitaa ikabaki imejaa vile vile. Civita nako anayelipa anaingia, hata kama uwanja wa San Donato hauna pa kuweka mguu. Zaidi ya hapo, manispaa inayoishi kwa idadi ya wageni inajikuta inahitaji wageni zaidi. Na kinachowavuta wageni ni lile jina, mji unaokufa, kwenye mabango na kwenye picha. Mji ukishaanza kula kwa jina la kufa kwake, viongozi wake watawekwa kwenye mtihani: je, watatumia nguvu zaidi kuutibu au kuuonyesha? Sisemi wameshindwa mtihani huo. Nasema mtihani upo, na mgeni anayelipa ana haki ya kuujua.

Geuka nyuma utazame Orvieto, ulikoshukia treni. Nao ni mji juu ya mwamba wa aina hiyo hiyo ya volkano, juu ya udongo unaoteleza. Miaka ya 1970 ukingo wa mwamba wake ulipoanza kumeguka kwa kutisha, Bunge la Italia lilipitisha sheria maalumu ya mwaka 1978 ya kuimarisha mwamba wa Orvieto pamoja na kilima cha Todi, na fedha za taifa zikaingia. Leo unatembea Orvieto bure. Unalipia tu vitu vyake mahususi, kama kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1290, au Pozzo di San Patrizio, kile kisima cha kina cha mita 53 chenye ngazi mbili zinazozungukana bila kukutana, ili punda anayeshuka kuchota asigongane na anayepanda na maji. Orvieto ina watu wapatao 20,000, ina askofu na ina kura. Civita imeimarishwa kwa awamu, kidogo kidogo, na pengo lililobaki likajazwa na dirisha la tiketi. Kwangu huo ndio ukweli ulio chini ya mjadala huu wote: kijiji kisicho na watu wa kukisemea hujilipia chenyewe.

Kwa hiyo nasimama wapi? Naiunga mkono tiketi ya Civita, nikitoa sababu moja tu, ambayo ni mteremko. Uzuri wa mahali hautoshi kuhalalisha lango la malipo, maana kwa hoja hiyo kila mtaa mzuri duniani ungefungwa. Lakini pale ambapo kila mwaka kuna mwamba wa kufungwa vyuma, na nyayo zangu ni mzigo juu ya mwamba huo, kulipa ni haki. Ndiyo maana nataka kuona, pale pale dirishani, ubao unaoonyesha kati ya euro 5 zangu ni kiasi gani kimeenda kwenye mwamba, kiasi gani kimeenda Bagnoregio, na kiasi gani kimetengwa kumsaidia mtu anayetaka kuhamia Civita na kuishi humo majira yote. Fungu hilo la tatu hata likiwa dogo, lingekuwa na maana kubwa kuliko mapambo ya maua madirishani, mazuri jinsi yalivyo. Nataka pia manispaa iwe na ujasiri wa kusema siku fulani: leo pamejaa, njooni kesho.

Mgeni naye ana wajibu wake. Wengi wanavuka daraja, wanapita Porta Santa Maria, lango ambalo njia yake ilichongwa mwambani na Waetruski, wanapiga picha, wanakunywa kahawa, na baada ya saa moja na nusu wanarudi. Wanakuwa wamelipia kilima bila kukiona. Pale pale uwanjani kuna makumbusho ya jiolojia na maporomoko, ndani ya Palazzo Alemanni, madogo lakini yanakufungua macho: ukitoka humo hutautazama ukuta wa mji kwa jicho lile lile. Kuna pango linaloitwa la Bonaventura, lililokuwa kaburi la Kietruski. Na sehemu ya chini ya mji kuna Bucaione, handaki lililotoboa mwamba na kutokea bondeni. Uliza kwanza kama liko wazi, vaa viatu vya kukanyagia tope, usiende peke yako.

Bondeni ndiko mahali penyewe. Makorongo ya mfinyanzi, ambayo Waitalia wanayaita calanchi, yamesimama kama visu vya kijivu, hayana mti wala jani juu yake, na kati yake kuna vipande vya misitu na mashamba. Huko makelele ya darajani hayafiki. Ukipata nafasi nenda Februari, siku ya kazi, mvua ikiwa imekatika asubuhi. Rio Torbido maana yake ni kijito cha maji machafu. Utakikuta kimejaa, kizito, rangi ya kijivu kama uji wa ulezi, kikienda zake kuelekea Tevere, mto unaopita Roma. Ile kijivu iliyomo ndani yake ni mguu wa Civita.