Podikasti Bila Mhariri

Kati ya Oktoba na Desemba 2014, mwandishi wa habari wa Marekani, Sarah Koenig, alitoa vipindi 12 vya podikasti iitwayo Serial, akiichunguza upya kesi ya Adnan Syed, kijana wa Baltimore aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi mwenzake, yaliyotokea mwaka 1999. Kabla ya kipindi cha kwanza kutoka, Koenig alikuwa ametumia takriban mwaka mzima akisoma majalada, akitafuta mashahidi na kuzungumza na Syed kwa simu kutoka gerezani. Urefu wa vipindi ulifuata uzito wa habari: kimoja hakikufika nusu saa, kingine kilikaribia saa nzima. Mwaka uliofuata Serial ikawa podikasti ya kwanza kutunukiwa Peabody, tuzo ya Marekani ya kazi bora za utangazaji. Wengi wetu tulianza kusikiliza podikasti kwa sababu yake, na mimi kila nyingine naipima kwa kipimo hicho. Zile zinazoongoza orodha siku hizi hazikifikii, na hamu ya kuzisikiliza imenitoka.

Ninachokitafuta humo nisikipate ni kazi ya mhariri. Podikasti maarufu ya leo, kwa kawaida, ni watu wawili au watatu walioketi mbele ya kamera wakizungumza saa mbili na zaidi. Mgeni ni msanii mwenye albamu mpya au mwanasiasa anayetafuta kura, na juma hilohilo utamkuta kwingine akisimulia utoto wake kwa maneno yaleyale. Mwanzo wote huliwa na salamu na utani ambao msikilizaji mgeni hauelewi, kisha mtangazaji husoma tangazo la mdhamini kwa sauti ileile aliyotoka kuitumia kumuuliza mgeni juu ya kifo cha mama yake. Mtindo huo umeshafika Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na taa zake za rangi na vile vipande vya dakika moja vinavyokatwa kwa ajili ya TikTok, ambavyo, kusema kweli, mara nyingi hubeba yote yaliyostahili kusikilizwa.

Sababu yake ni hesabu tu. Uchunguzi wa miezi mingi unahitaji waandishi, wahakiki wa taarifa na pengine wakili, ilhali mazungumzo yanahitaji alasiri moja. Mwaka 2019 Spotify, kampuni ya kusikilizia muziki na podikasti mtandaoni, iliinunua Gimlet, kampuni ya New York iliyokuwa ikitengeneza Reply All, podikasti ya simulizi zilizochunguzwa kuhusu intaneti. Podikasti hiyo ilikoma mwaka 2022, na mwaka 2023 Gimlet ikaunganishwa na Parcast, kampuni nyingine ya podikasti ya Spotify, huku wafanyakazi wapatao 200 wa kitengo cha podikasti wakipunguzwa. Joe Rogan, mtangazaji maarufu wa podikasti wa Marekani ambaye Spotify iliingia naye mkataba mwaka 2020 na ambaye mazungumzo yake kwa kawaida huvuka saa mbili, aliongezewa mkataba mwaka 2024. Kibiashara uamuzi huo nauelewa. Kama msikilizaji, sioni nilichofaidi. Tena kipindi kirefu kina nafasi ya matangazo mengi zaidi, basi atakayekuwa na haraka ya kufika kwenye hoja ni nani?

Wapo wanaotetea mazungumzo haya marefu kwa kusema kwamba ni baraza la zama zetu. Baraza nalijua, na ninaona wanaisahau sehemu yake muhimu. Barazani anayezunguka bila kufika hukatizwa, anayetia chumvi huulizwa alikuwa wapi siku hiyo, na mzee mmoja aliyenyamaza tangu alasiri anaweza kuifunga hadithi ya saa nzima kwa swali moja. Kwenye podikasti mwenyeji na mgeni ni marafiki, au wanataka kuwa marafiki, kwa hiyo hakuna wa kuuliza.

Serial nayo ilikuwa na dosari, hasa jinsi msiba wa familia ya Lee ulivyogeuka burudani ya mamilioni ya watu, na lawama hizo zilikuwa za haki. Lakini watu walikuwa wamekaa wakaamua kipi kiingie na kipi kitoke, kwa hiyo walikuwapo wa kulaumiwa. Kwenye simu yangu nimebakiza podikasti za namna hiyo tu, zile zinazotoa vipindi sita au vinane kisha zikakaa hata mwaka bila kutoa kingine, kwa sababu wenyewe bado wanachunguza.