Kabla ya Kung'oa Kisiki cha Mtundu

Kila mvua zinapoanza mkoani Tabora, huanza pia hesabu ya miche: imeoteshwa mingapi, imegawiwa mingapi, imepandwa mingapi. Sina ugomvi na miche. Ninachokipinga ni dhana ambayo haitamkwi lakini imejificha ndani ya taarifa hizo, kwamba msitu wa miombo ni idadi ya miti yake tu, na kwamba palipokatwa miti mia moja, ikipandwa mia nyingine ya aina yoyote, mambo yamekwisha. Kwa miombo yetu sivyo, na sababu kubwa iko chini ya ardhi.

Mtundu, miyombo na jamaa zao wa Brachystegia na Julbernardia, ambao ndio walioujaza msitu wa Sikonge, Urambo na Kaliua, haijilishi peke yake. Mizizi yake midogo huishi pamoja na kuvu, viumbe wa jamii ya uyoga, katika ushirika ambao mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa jina la mikoriza mwaka 1885. Anayetaka kuuona hahitaji maabara. Wakati wa mvua, fukua taratibu majani yanayooza chini ya mtundu mkubwa, kisha ufuate mzizi mmoja mwembamba mpaka kwenye ncha zake. Utakuta ncha fupi, nono kidogo, zimevikwa ala nyeupe, ya manjano au ya kahawia, na kwenye ala hiyo zinatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikipotelea mchangani. Mtu asiyejua anaweza kudhani mzizi umeugua. Ile ala ndiyo kuvu yenyewe, na upande wa ndani nyuzi zake zimejipenyeza katikati ya seli za mzizi bila kuziingia. Hapo ndipo mti unapotoa sukari uliyoitengeneza majanini, na kuvu ikatoa fosforasi, naitrojeni na maji iliyoyakusanya mahali ambapo mzizi usingefika.

Mabadilishano hayo yana uzito zaidi kwetu kuliko kwa watu wenye udongo mnono. Sehemu kubwa ya udongo wa miombo ni wa kichanga na una fosforasi haba, na hata hiyo iliyopo mara nyingi imeng'ang'aniwa na madini ya chuma au imefungwa ndani ya mabaki ya majani. Kuvu hutoa asidi na vimeng'enya vinavyoilegeza, na nyuzi zake, kwa wembamba wake, huingia kwenye vitundu vidogo ambavyo mzizi hauwezi kupita.

Si kila mti wa miombo unaotumia kuvu za namna moja. Mwaka 1982 mtafiti kutoka Sweden, Peter Högberg, alichapisha uchunguzi wake wa mizizi ya miti ya Tanzania, na kutokana na kazi za aina hiyo tunajua kwamba mtundu na jamaa zake, pamoja na mkongo, wana kuvu za ala nilizozieleza, ilhali mninga una kuvu za kundi jingine, zinazoingia ndani kabisa ya seli, na juu ya hapo una bakteria wa naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi yake. Mahindi na tumbaku yako upande mmoja na mninga. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mipango yetu ya misitu ingepaswa kuanzia.

Tazama kinachotokea shamba jipya la tumbaku linapofunguliwa. Miti hukatwa, kuni huenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na mwenye nguvu au mwenye trekta hung'oa na visiki. Tangu siku hiyo kuvu za mtundu hazina wa kuzilisha, kwa sababu tumbaku na mahindi hayawezi kushirikiana nazo, na kadiri misimu inavyopita zinapungua mpaka zinakaribia kutoweka katika shamba hilo. Shamba likichoka na kuachwa, mbegu za mtundu zinazorushwa na maganda yanayopasuka kwa jua haziangukii mbali na mti mama, na ile inayobahatika kuota katikati ya shamba inaota penye udongo usio na mshirika wake. Palipoachwa visiki hadithi ni nyingine. Mizizi iko hai, kuvu zinaendelea kulishwa japo kidogo, na machipukizi yanayoinuka yana mfumo mzima wa kunyonya maji na virutubisho ambao mche wa kwenye kiriba ungehitaji miaka kuujenga. Miombo hurudi zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Wenzetu wa Dodoma wanaoendeleza kilimo cha kisiki hai, yaani kuacha visiki vichipue badala ya kuving'oa, wamelielewa hili vizuri kuliko sisi tunaoishi ndani ya miombo.

Kinachoniudhi kidogo ni kwamba kwa miti ya kigeni tulijifunza mapema. Misonobari ilipoletwa katika nchi kadhaa za Afrika, miche yake ilidumaa na kuwa ya manjano hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu zake, na mpaka leo wakuza miche huchanganya udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa. Mtundu, mwenyeji wa hapa, haujapata heshima hiyo. Anayeotesha miti ya asili angeweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa, kwa kuchota udongo kidogo chini ya mti mama wa aina ileile.

Niseme pia kwamba sipendi kutiwa chumvi kunakoenea siku hizi, eti miti huongea na mama huwanyonyesha watoto wake kwa nyuzi za kuvu. Msingi wa masimulizi hayo ni jaribio la Suzanne Simard na wenzake nchini Kanada, lililochapishwa mwaka 1997, ambalo lilionyesha kaboni ikihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walipitia ushahidi wote wakasema umebebeshwa mzigo usioweza, na Jones huyo alikuwa mmoja wa waandishi wa lile andiko la 1997. Isitoshe, kuvu si mfadhili. Katika misitu ya baridi ya kaskazini, kikundi cha watafiti akiwemo Högberg yuleyule kilieleza kwamba naitrojeni ikiwa haba sana kuvu huweza kujibakizia nyingi na kuuacha mti na njaa yake. Hoja ya visiki haihitaji miti inayoongea.

Wanaojua mambo haya kwa vitendo ni akina mama wanaouza uyoga kwa sado kando ya barabara. Uyoga ule wa manjano wa msituni ni tunda la kuvu zilezile za ala, tofauti na uyoga wa kichuguu, ambao hulimwa na mchwa. Nilipomuuliza muuzaji mmoja kwa nini haupandi nyumbani, alicheka: "Huo hauoti shambani, mwanangu. Fuata mitundu."

Mkulima wa tumbaku ana hoja yake, na ni ya haki: kisiki hukwamisha jembe la ng'ombe, na familia haiwezi kusubiri msitu. Simtaki aache visiki katikati ya matuta. Aviache kwenye mipaka, kwenye kingo za mabonde na kwenye kipande anachokusudia kukipumzisha, akikata kuni za bani bila kuchimba mizizi, na akivilinda na moto kichaa wa Septemba na Oktoba unaounguza machipukizi kabla hayajakomaa. Miti ya kukua haraka, kama ile mikesia (akesia) ya Australia iliyojaribiwa kwenye kituo cha utafiti cha Tumbi, ipandwe kwa ajili ya kuni na isifiwe kwa kazi hiyo. Isiandikwe tu kwamba ni miombo iliyorudishwa.