Miguu mizima kama kipimo: thamani ya utafiti wa fiziotherapia kwa vijana wenye afya

Tafiti za fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kuhusu miguu hulaumiwa kwa jambo moja kila zinapojadiliwa: watafiti huwapima wanafunzi wa chuo wasio na ugonjwa wowote, wenye umri wa miaka 20 na ushei, kwa sababu hao ndio walio karibu nao, kisha huandika mwishoni kwamba matokeo yatawafaa wagonjwa. Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, imezoeleka kiasi kwamba siku hizi hutosha kuukataa utafiti kabla haujasomwa, na hapo ndipo inapoanza kupotosha.

Tuanze na mfano unaowapa haki walalamikaji. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Bandy na Irion, waliwachukua watu 57 wenye umri wa kati ya miaka 21 na 37, waliokuwa na misuli iliyokaza nyuma ya paja, wakawagawa katika makundi manne. Matatu yalinyoosha misuli hiyo kwa sekunde 15, 30 au 60, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. La nne halikunyoosha. Upimaji wenyewe ni rahisi kuuelewa: mtu analala chali, paja linainuliwa hadi lisimame wima, goti linanyooshwa taratibu mpaka misuli ikatae, na pembe inasomwa kwenye goniometa, kifaa cha kupimia pembe za viungo. Sekunde 30 zilizidi 15, na sekunde 60 hazikuongeza kitu juu ya 30. Tangu hapo "sekunde 30" imekuwa karibu amri katika vyumba vya mazoezi na vya tiba. Lakini mwaka 2001 Feland na wenzake walipojaribu muda uleule kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, ambao wastani wa umri wao ulikaribia miaka 85, sekunde 60 ndizo zilizoleta faida kubwa zaidi na iliyodumu zaidi. Mfiziotherapia anayempa bibi wa miaka 80 kipimo cha kijana anampunja.

Hilo nalikubali bila masharti. Ila tuulize kosa lilikuwa la nani. Utafiti wa 1994 ulijibu swali lake kwa watu wake, na umri wao uliandikwa wazi. Walioubeba na kuupeleka kwa wazee ni wasomaji na walimu waliokuja baadaye. Tena, ni kwa sababu jibu la vijana lilikuwapo ndipo jibu la wazee likawa na la kulinganishwa nalo. Bila hilo, sekunde 60 zingekuwa namba tu.

Yapo pia maswali ambayo ni mguu mzima tu unaoweza kuyajibu. Mwaka 1996, Magnusson na wenzake walioko Denmark walitaka kujua kwa nini mtu anayenyoosha misuli kila siku huweza kwenda mbali zaidi. Je, misuli imebadilika, au mtu amezoea tu ile hisia ya kuvutwa? Waliwapima watu saba wenye afya kabla na baada ya wiki tatu za kunyoosha, wakaona kwamba katika pembe ileile ukinzani wa misuli ulikuwa vilevile. Kilichoongezeka ni uvumilivu. Mgonjwa mwenye maumivu, uvimbe au kovu la upasuaji asingeweza kutenganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa maumivu yake yenyewe yangeingia katika hesabu.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka kwenye goti lililopasuliwa. Mchezaji aliyekatika ligamenti ya mbele ya ndani ya goti (utepe mgumu unaoshikanisha mifupa), akarekebishwa, hupimwa kabla ya kuruhusiwa kurudi uwanjani. Utepe wa kupimia hutandazwa sakafuni, naye huruka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba, kisha hurudia kwa mguu wa pili; nguvu ya misuli ya mbele ya paja nayo hupimwa. Mguu uliopasuliwa ukifikia asilimia 90 ya mwenzake, mara nyingi huhesabiwa kuwa amefaulu. Mguu mwingine wa mgonjwa huyohuyo, basi, ndio rula.

Mwaka 2017 Wellsandt na wenzake waliijaribu rula hiyo kwa wanamichezo 70. Kwa kulinganisha mguu na mguu miezi sita baada ya upasuaji, 40 walifaulu. Watafiti walipoulinganisha mguu uliopasuliwa na kipimo cha mguu mwingine kilichochukuliwa kabla ya upasuaji, waliofaulu walishuka hadi 20. Nusu ya waliofaulu walitoweka, ingawa hakuna mguu uliodhoofika kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni rula. Mguu usioumia ulikuwa umepoteza nguvu pamoja na mwenzake katika miezi ya kutembea kwa magongo na kukaa nje ya mchezo, hivyo miguu miwili dhaifu ikalingana na kuonekana kama imepona. Nayo si hesabu ya karatasini tu: wanamichezo 11 kati yao waliumia ligamenti tena, na 8 kati ya hao walikuwa wamefaulu kwa kigezo cha asilimia 90.

Kipimo cha kabla ya upasuaji nacho huchukuliwa baada ya kuumia, na wagonjwa wengi hawanacho kabisa. Kinachobaki ni kujua kijana wa umri, jinsia na shughuli kama za mgonjwa, ambaye hajawahi kuumia, huruka umbali gani na husukuma kwa nguvu kiasi gani. Namba hizo hazipatikani wodini. Hupatikana kwa kuwapima watu wenye afya, wengi, na kwa uvumilivu, kazi ambayo haimpi mtafiti sifa yoyote.

Kuhusu tafiti za kuzuia majeraha sitakaa sana. Mazoezi ya Nordic, ya kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo vya miguu nawe ukijishusha mbele polepole, yalionekana huko Norway mwaka 2004 kuongeza nguvu ya misuli ya nyuma ya paja kwa wachezaji wenye afya. Mwaka 2011 utafiti wa Denmark wenye wachezaji 942 uliripoti majeraha 15 ya misuli hiyo kwa waliofanya mazoezi hayo na 52 kwa wasiofanya, katika makundi yaliyokaribiana kwa idadi. Hapo mtu mwenye afya ndiye mlengwa mwenyewe, na lawama haina pa kushika.

Udhaifu wa kweli wa tafiti hizi uko kwingine. Wanaojitolea mara nyingi ni wale wanaopenda mazoezi, na kundi la vijana wa kiume wanaocheza mpira haliwezi kuwasemea wanawake wala mtu anayeketi kutwa nzima. Isitoshe, namba nyingi za kulinganishia zinazofundishwa zimetoka Ulaya, Marekani na Australia. Mfiziotherapia wa Moshi au Eldoret anayempima msichana wa miaka 22 aliyekulia kwenye vilima, akitembea kwa miguu kwenda shule, hana sababu ya kuamini kwamba jedwali la mbali linamfaa. Mwanafunzi wa fiziotherapia anayewapima wenzake wa darasa kwa ajili ya ripoti yake ya shahada, ambaye kazi yake huambiwa ni "ya wanafunzi tu", angeweza kuanza kuijaza nafasi hiyo, mradi aandike umri, uzito, shughuli za kila siku na historia ya majeraha ya kila mmoja, na asiongeze mwishoni ile sentensi ya kuwashauri wagonjwa ambao hakuwapima.