Mwiko wa Chumbani Katika Jamii ya Kubuni: Uelezwe au Uachwe?

Tuseme mwandishi wa fantasia amebuni watu wa mwambao wanaovuna chumvi, na kwao ni mwiko mume kulala na mkewe siku zote 40 za mavuno. Je, ampe msomaji sababu yake?

Wapo wanaoshikilia kuwa lazima, maana mwiko usio na sababu huonekana umebandikwa tu ili jamii iwe ngeni. Wana hoja. Wahunzi wa Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania, walijiepusha na wake zao wakati wa kuyeyusha chuma. Ukijua kwamba tanuru lenyewe lilihesabiwa kuwa mke, mwiko unaeleweka papo hapo: kwenda nyumbani usiku ni kumsaliti mke aliye kazini. Lakini sababu hiyo imetoka ndani ya imani, si kwenye afya wala uchovu.

Sababu ya manufaa peke yake huwa haitoshi. Eda ya mjane wa Kiislamu asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10, na wengi huieleza kuwa ni ya kujua kama amebeba mimba. Sawa, ila ajuza aliyekwisha kukoma hedhi naye hukaa eda ileile. Humo mna maombolezo, heshima na utiifu kwa pamoja. Ndiyo maana naegemea kwa wanaouacha mwiko bila maelezo, kwa sharti moja zito: hesabu ya kuuvunja iwe kamili, yaani ijulikane uvunjaji hugunduliwaje na nani huamua.

Mimba hudumu wastani wa siku 266 tangu kutungwa, ikizidi au kupungua kwa wiki 2 hivi. Mwiko wa siku 7 hauthibitishiki kwa tarehe ya kuzaa. Wa siku 40 unathibitishika, tena kwa mtoto aliyetungwa katikati ya siku hizo tu, anayezaliwa karibu siku ya 286 tangu mavuno yaanze.

Wazazi watajitetea kuwa mtoto kazaliwa wiki 3 kabla ya wakati. Kuhani wa jamii hiyo hawezi kuamua hilo. Anayeweza ni mkunga, anayetazama malaika (vinyweleo laini) ya mgongoni mwa mtoto na mikunjo ya nyayo zake. Akisema "hajatimia", nyumba imepona, na kijiji kizima kinajua kuku wa hongo apelekwe kwa nani usiku.