Kiwambo Kimoja kwa Bunduki Mbili: Utetezi wa Tundu Pana

Mwindaji bingwa anayefanya kazi katika vitalu vya uwindaji vya upande wa Rungwa, Kizigo na Muhesi, nchini Tanzania, kwa kawaida huwa na bunduki mbili: ya .375 H&H kwa ajili ya nyati, na nyingine ya .30-06 au .308 kwa ajili ya swala, ngiri na kitoweo cha kambini; namba hizo, .375 na .30, ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi. Akitaka kununua kwa mara ya kwanza kiwambo cha sauti, yaani chombo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio, atapewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wako watakaomwambia kwamba kila bunduki ipate kiwambo chake, chenye tundu linalolingana na risasi yake. Na wako watakaomwambia anunue kimoja chenye tundu la .375 kisha akihamishe kutoka bunduki moja hadi nyingine. Ushauri huu wa pili hudharauliwa kama njia ya asiye na fedha, na dharau hiyo, kwa maoni yangu, haina msingi wa kutosha.

Kibali kinatangulia yote. Leseni za silaha husimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wenyewe uko chini ya mamlaka za wanyamapori; mwenye nia ya kuingiza kiwambo nchini akitaje katika maombi yake na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote. Hofu kwamba chombo hiki kitamfaa jangili haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa askari wa doria porini hutegemea sana masikio yao. Hata hivyo, risasi ya .375 hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 750 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya sauti, na mpasuko inaoutoa angani ikienda hauzuiwi na kiwambo chochote. Kinachopungua ni mlipuko wa gesi mdomoni mwa mtutu.

Tukubali kwanza hoja ya wanaotaka viwambo viwili. Risasi ya .308 ikipita katika tundu lililotobolewa kwa ajili ya .375, gesi nyingi zaidi huponyoka pembeni yake, na desibeli chache za ukimya hupotea. Upotevu huo ni wa kweli, na si mdogo kama unavyosikika, kwa sababu kipimo cha desibeli hakipandi kama rula: tofauti ya tatu tu ni karibu maradufu ya nguvu ya sauti. Bunduki ya uwindaji hupiga kelele ya desibeli 160 au zaidi mdomoni, kiwambo kizuri hupunguza kati ya 20 na 35, na mstari unaotajwa na wataalamu wa masikio kwa milio ya ghafla ni 140. Kwa hiyo mabishano yote yanafanyika jirani kabisa na mstari huo, mahali ambapo desibeli tatu zina uzito.

Lakini masikio ya nani? Hapa ndipo mjadala unapopotoka, kwa sababu vipimo husomwa kana kwamba mpigaji yuko peke yake. Katika vitalu vyetu mpigaji hayuko peke yake kamwe. Yuko mfuata nyayo hatua moja au mbili pembeni, mara nyingine mbele kidogo, yuko mbeba maji, yuko askari wa wanyamapori, na kwa kawaida hakuna hata mmoja wao aliyeziba masikio, kwa sababu kazi yao ni kusikiliza. Wageni wengi hufika na .375 zenye kifaa cha kupunguza teke kinachotupa gesi kando. Bega la mgeni linapona, na mfuata nyayo anapokea mlipuko ule usoni. Anaupokea msimu hadi msimu, mteja baada ya mteja, wakati mgeni mwenyewe huondoka baada ya wiki mbili au tatu. Kiwambo hupunguza teke bila kumtupia jirani gharama. Na kwa kuwa .375 ndiyo inayopiga kwa nguvu zaidi, tundu linalohitajika ni la .375 kwa vyovyote vile. Anayeanza na kiwambo cha .30 ameilinda bunduki ndogo na kuiacha kubwa ikiendelea kuwaharibia masikio wenzake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kushirikisha kiwambo kimoja linahusu shabaha. Uzito wa gramu 400 au 500 ukining'inia mdomoni hubadilisha mahali risasi inapotua, na kila bunduki hubadilika kwa namna yake. Vumbi la kiangazi cha Manyoni likiingia kwenye hesi, yaani mikato ya skrubu ambayo kiwambo hufungwa juu yake, kiwambo hakikai pale pale kilipokaa jana. Dawa yake ni nidhamu: kifungwe kambini, kipigiwe risasi tatu kwenye karatasi, kisha kisihamishwe hadi windo liishe. Asiyeweza kujizuia kukihamisha porini anunue viwili.

Hesi nayo ina mambo yake. Mtutu wa .375 hufaa kukatwa hesi nene, kama ile ya 5/8x24 (upana wa 5/8 ya inchi, mikato 24 kwa inchi), wakati mtutu mwembamba wa .30-06 mara nyingi hauna nyama ya kuubeba ukubwa huo, hivyo hukatwa 14x1 (upana wa milimita 14, mkato kila milimita moja) na kuongezewa kipande cha kuunganishia. Fundi silaha ahakikishe tundu la mtutu na la kiwambo vimenyooka mstari mmoja, maana kupinda kidogo tu hufanya risasi iguse kuta za ndani.

Kabla ya kuagiza, mnunuzi ajiulize pia kama ipo siku atamiliki .416 au .458. Risasi nyembamba hupita salama katika tundu pana, lakini .458 ikipigwa kupitia tundu la .375 itapasua kiwambo mbele ya uso wa mpigaji. Mwenye mpango huo achague tundu la .458 tangu sasa, akubali kelele kuongezeka kidogo kwenye bunduki yake ndogo, na siku za kupima shabaha avae vizibo vya masikio kama kawaida.