Na mimi nisikilizwe kuhusu ile mboga

Najua wengi mmeshasikiliza ile sauti ya shoga yangu wa Leeds, huku Uingereza, inayoanza na "jamani leo nusura tuzikwe", akisimulia mboga niliyowapikia yeye na shemeji yangu. Imefika mpaka Tanga. Mama kanipigia alfajiri kuniuliza kama nina ugomvi na wakwe zangu. Kwa hiyo nimekuja kujitetea, sufuria yenyewe bado imelowekwa.

Kwanza: hakuna aliyekula. Nilionja mimi tu, kiganjani.

Jirani yangu ni bibi wa miaka 80 na ushee. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye mabanda ya rubabu (mmea wa mashina machachu, hupikwa na sukari kama tunda) hapa hapa Wakefield, yale ya giza na joto, wanamovuna kwa mwanga wa mishumaa, ili mashina yatoke mekundu na laini. Kwake rubabu ni kama mnazi kwa mtu wa Pangani. Mwaka juzi, baridi ilipoanza, alinimegea kipande cha shina lake la zamani nipande, akanipa na masharti kama ya mganga. Mwaka wa kwanza usiguse. Usikate kwa kisu: shika chini kabisa, pinda kidogo, vuta. Usivune yote. Nikatii. Samadi nimenunua, konokono nimewafukuza usiku kwa tochi.

Jumamosi asubuhi akaja kunionyesha. Akavuta mashina kadhaa, akakata majani, mapana kama masikio ya tembo, mabichi, yanang'aa, akayaacha pale chini. Mashina akanikabidhi, akasema atarudi mchana na kastadi. Kuhusu majani hakusema neno. Nikajisemea, hawa Wazungu ndio wale wale wanaotupa vichwa vya samaki.

Sasa mimi nimekulia kisamvu, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde. Mmea una jani la kumfunika mtoto, halafu nile kijiti? Nikayaokota yote. Na mchana nina wageni: shemeji yangu kutoka Birmingham, pamoja na huyo shoga mwenye mdomo. Kitunguu, nyanya, tui la kopo, na magadi kidogo maana yalikuwa magumu. Nikaonja. Uchachu wa embe bichi! Meno yakakwaruza kama nimetafuna chaki. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikaongeza tui.

Tukafika mezani. Mikono imenawiwa. Shemeji kasema bismillahi, kamega tonge, kalifinyanga taratibu, kalibonyeza kishimo kwa dole gumba. Mlango wa nyuma ukagongwa. Bibi huyo, na jagi la kastadi ya moto, anatabasamu. "Iko wapi rubabu yetu?"

Nami kwa madaha yote nikafunua sufuria.

Akachungulia. Tabasamu lilibaki mdomoni, ila machoni lilishaondoka. Akatazama mashina, yamelala kwenye beseni, sijayagusa. Akarudi kwenye sufuria. Tonge la shemeji limeshachovya, linapanda, mchuzi wa kijani unamdondokea kwenye shati.

"Siyo majani, mpenzi," akasema polepole. (Msinune, huku Yorkshire hata dereva wa basi anakuita mpenzi.) "Majani ni sumu."

Tonge liko kidevuni. Mimi nimekauka. Mume wangu kakauka. Bibi wa watu akatua jagi, akanyoosha mkono juu ya meza, akamdaka shemeji kifundo cha mkono kama askari, akamnyang'anya tonge lake. Shemeji, mtu mzima na ndevu zake, akabaki kinywa wazi.

Na mimi, badala ya kuomba radhi, mnajua nilisema nini? "Lakini hata kisamvu kina sumu, kikipikwa vizuri inatoka." Nilibishana, wapendwa. Nilisimama na mwiko mkononi nikatetea sumu mbele ya shemeji yangu. Hapo sauti ya shoga haijakosea hata neno, na ile pua anayoniigizia ni yangu kweli.

Ya rubabu haitoki hivyo. Ni asidi ya oksaliki, na nimekuja kusoma kwamba magadi ndiyo yanaizidishia makali. Ila Waingereza wenyewe, Vita Kuu ya Kwanza chakula kilipoadimika, walihimizana kuyala majani hayo hayo, wakaugua. Mjinga wa kwanza si mimi.

Mengine upesi. Tulipiga 111, namba ya ushauri wa afya huku, mhudumu akauliza nimekula kiasi gani, nikasema kiganja, akauliza kiganja ndiyo gramu ngapi. Mboga ikamwagwa. Ugali tukaulia mayai. Bibi akafunga aproni yangu, akakatakata mashina, sukari, juu unga uliofikichwa na siagi, akasukumia kwenye oveni. Ikatoka tamu, sikatai.

Shemeji alisubiri bibi amalize bakuli lake kwanza.